Hotuba ya Punje Tatu

Enzi zetu mtu hakusimama mbele ya watu mikono mitupu. Sisi tuliosoma shule ya msingi upande wa Malava tulikwenda mbele na punje tatu za mahindi katika mfuko wa kushoto wa sare. Punje tatu, hoja tatu. Ukimaliza hoja unahamishia punje moja mfuko wa kulia, na mfuko wa kushoto ukibaki mtupu unafunga mdomo na kukaa chini. Leo kijana anasimama na simu, anaivuta kwa kidole juu, chini, juu tena, na bado hajui alianzia wapi.

Aliyetufundisha punje alikuwa Mwalimu Nanjala, mama mwembamba aliyenuka chaki na mafuta ya mgando. Mdahalo wake ulikuwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, matumbo yakiwa yamejaa mahindi na maharagwe, na aliyesinzia alitumwa bombani kunawa uso. Kichwa cha hotuba, alisema, ni salamu, na salamu hata mtoto wa nasari anaweza. Miguu ni kwaheri. Kazi iko tumboni. Baba yake akienda sokoni Lubao kununua ng'ombe alipapasa tumbo kwanza, habari ya pembe aliwaachia watoto.

Kupanga hilo tumbo kulikuwa na kanuni moja, na akichangamka Kiswahili chake sanifu kilimtoka. "Hoja kubwa inakujanga mwisho, ndiyo watu waende nayo nyumbani. Lakini angalia juu kwanza. Mvua ikikuwa karibu, hiyo kubwa uitoe mbele, hizo zingine utamalizia ndani."

Aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa. Mvua yetu hufika saa tisa kama mtu aliyeajiriwa, na ikishatua juu ya mabati hata kengele ya shule husikii.

Nilipokuwa darasa la saba nilichaguliwa kufunga mdahalo dhidi ya shule jirani. Nilikuwa hodari, na nilijua kwamba mimi ni hodari, jambo ambalo ni baya kwa mtoto. Kabla sijasimama Mwalimu Nanjala alininong'oneza, "Anza na kubwa. Ona hayo mawingu." Sikuyaona. Niliona watu. Niliitaka ile hoja nzito mwisho, wapige makofi hadi nikae. Basi nikasema ya kwanza, nikasema ya pili, na nilipofungua mdomo kwa ya tatu mabati yakalia. Waamuzi walinitazama midomo na kutikisa vichwa kwa adabu. Tulishindwa.

Jumatatu mwalimu mkuu alituita ofisini, akauliza ni nani aliyepanga hotuba ile. Nikasema ni Mwalimu Nanjala aliyeniambia niweke kubwa mwisho. Mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, karibu na kabati. Alinitazama tu. Mdahalo ulipokonywa mikononi mwake ukapewa mwalimu wa kilimo, mtu mwema aliyetukaririsha majina ya mbolea. Miaka yote iliyofuata ilisemwa kijijini kwamba Nanjala alinyang'anywa mdahalo kwa kuwa hakuujua. Wanawe walikua wakiyasikia hayo.

Nilikusudia kwenda kumwomba msamaha. Nilijiambia Krismasi, halafu Pasaka, halafu nikistaafu. Mwezi uliopita akafariki. Familia ikanipa dakika tano kwenye mazishi, kama mwanafunzi wake wa zamani, na usiku wa kuamkia siku hiyo sikuhitaji karatasi, nilitia punje tatu katika mfuko wa kushoto wa gauni langu. Punje ya kwanza: alikuwa nani. Ya pili: alitufundisha nini. Ya tatu: mimi ndiye niliyedanganya, na wanawe wasikie.

Lakini kwanza ilibidi niwasikilize hawa vijana wetu. Wa kwanza alisema itifaki zote zimezingatiwa, kisha akataja kila mtu aliyekaa chini ya hema, pamoja na mwenye hema. Wa pili alisema "kwa kumalizia" mara nne, na kila mara alianza upya kwa nguvu zaidi. Akaja mjukuu wa marehemu, kijana wa nywele za kusukwa, akasoma kwenye simu kwamba nyanya yake alikuwa nahodha wa jahazi la maisha yao. Mwalimu Nanjala, ambaye hata daraja la mto wa kwetu alilivuka akiwa ameshikwa mkono! Ilijulikana wazi kwamba simu ndiyo iliyomtungia. Katikati alikwama, akaiangalia simu, akaizima, akasema, "Nyanya, nilikuitanga mbaya nikiwa mdogo. Nisamehe tu." Akakaa. Hotuba haikuwa na kichwa wala tumbo. Nilimgeukia jirani yangu na kumwambia kwamba kizazi hiki hata kuomba msamaha hakijui, mtu anaurusha tu kama ganda la muwa.

Nilikuwa nikiandika makosa yao nyuma ya karatasi ya ratiba. Nilikuwa nimefika kumi na mawili. Sikutazama juu.

Emsii, suti imembana hadi anapumua kwa zamu, akanipa maiki. "Mathe, tuko na dakika mbili, si ni sawa?" Nikamwambia mimi sihitaji kuhesabiwa. Nikaitoa punje ya kwanza, watu wakanyamaza. Nikaitoa ya pili, wakacheka, wakapiga makofi. Kicheko kile kilinikolea. Nikaongeza maneno mawili kuhusu wasemaji wa simu, yakawa matano. Punje ya tatu nilikuwa nimeishika mkononi, imeshapata joto.

Mvua haikunipa hata tone la onyo. Ilianguka yote. Watu walikimbilia barazani, viti vya plastiki vikapinduka, fundi wa spika akachomoa nyaya. Nilisema hata hivyo. Nilisema yote, jina langu, ofisi, kabati, uongo, nikiwa nimesimama mbele ya viti vilivyolala chali. Mtoto wake wa kwanza, Nekesa, alikuwa chini ya mabati ya baraza akinitazama midomo. Alitikisa kichwa kwa adabu.

Mvua ilipopungua alinijia, akanishika mikono yote miwili. "Auntie, asante sana. Mama angefurahi. Hotuba yako ndiyo ilikuwa imepangwa kuliko zote." Nyuma yake wazee walikuwa wanaitana kwenda kaburini. Ningeweza kumwambia pale pale, maneno sita yalitosha. Nikamwambia asante, mama yako ndiye aliyetufunza.

Ndiyo, enzi zetu tulijua kupanga, na hawa wa siku hizi hawajui. Sitalibadilisha hilo. Hawajui hoja, hawajui mpangilio, na yule mwenye nywele za kusukwa sitampa hata alama tatu kwa kumi. Ila yeye alisema lake kukiwa bado kukavu. Mimi gauni lile nimelifua na kulianika mara mbili tangu siku hiyo, na kila nikilivaa naipata punje ya tatu, iko kwenye mfuko wa kushoto.