Kashata ya Mwanaidi

Juzi, katika hospitali moja ya Dar, nilimwona mtaalamu wa matamshi ameshika mpira, akisubiri mtoto auombe. Nikamkumbuka Bibi kule Mlingotini, jikoni kukinukia nazi na iliki, ameshika kashata mbele ya mdogo wangu Mwanaidi, aliyefika miaka minne bila kusema neno.

"Anaitaka, Bibi," nikamsemea kama kawaida.

"Sikukuuliza wewe. Una mdomo wako, mwachie na yeye wake."

Nilidhani anamtesa. Nje kuku waliparura, kashata ikaanza kumnata Bibi vidoleni, naye akazidi kusubiri.

"Nipe," akasema Mwanaidi.

Bibi akampa, kisha akajifuta macho kwa kanga, akasingizia moshi. Mwanaidi akaimega kashata, akaninyooshea kipande. Nilipotaka kukichukua, akakirudisha nyuma, akasubiri niombe.