Vikapu vya Mianzi Nilivyovitunza, Louisville hadi Buffalo

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Louisville, nilidhani wamekosea mtu. Nilikuwa nimeomba kazi ya ghala, kama ndugu zetu wengi waliotoka Kivu, nikitarajia kusukuma makatoni mpaka jioni. Badala yake msimamizi wa ghala, Bwana Dale, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliniwekea mezani sanduku la mbao lililofungwa kwa kamba bapa ya pamba, akaniambia, "Fungua."

Nikafungua. Ndani mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kikapu cha mianzi, kitunga kama tunavyosema kwetu. Nilimtazama nikifikiri ananitania.

"Sasa kirudishe, ufunge kamba kama ulivyoikuta."

Nikashindwa. Asubuhi ile nzima nilifunga na kufungua, na yeye hakukasirika hata mara moja. "Wa kubeba nimeshampata," alisema. "Namtafuta wa kufunga."

Ilikuwa nyumba ya mnada. Watu waliofiwa au waliohama walileta vitu vya wazazi wao, na wengine walikuja kushindania bei. Bwana Dale alisimamia vitu vya Japani, na kwake ndiko nilikojifunza majina. Hanakago ni kikapu cha maua. Otoshi ni kipande cha mwanzi kinachosimama ndani yake na kushika maji, maana kikapu chenyewe hakishiki. Tomobako ni lile sanduku: fundi humalizia kazi yake kwa kuandika jina lake kwa wino kwenye kifuniko, na mara nyingine jina la kikapu pia, kwa kuwa vile vizuri hupewa majina kama watoto. Kikapu kikitengana na sanduku lake, nusu ya habari zake zimekwenda.

Amri yake kubwa ilikuwa moja. "Mkono wa kikapu ni wa kutazamwa," alisema. "Wewe shika chini, kwa mikono yote miwili."

Nilipomsimulia mke wangu, Mama Furaha, aliacha kusonga ugali.

"Eti bitunga? Mutu muzima kama weye, wanakulipa juu ya kufunga bitunga?"

"Wananilipa."

"Bon. Basi funga muzuri."

Kati ya wanunuzi kulikuwa na mama mmoja wa Columbus, mjane, ambaye hakupenda kununua kwa simu. Alisafiri mwenyewe, akaketi mstari wa mbele, na mnada ukiisha alikuja mezani kwetu kutazama vitu vyake vikifungwa. Jina lake Evelyn, lakini mimi nilimwita Madame, kwa mazoea ya kwetu, na jina hilo lilimpendeza. Siku moja, nikimfungia bakuli la chai, aliniuliza ningependa kufanya kazi nyumbani kwake. Dada wa Mama Furaha alikuwa akikaa Hilliard, hukohuko Columbus, na alikuwa ametuita muda mrefu. Tukahama.

Kazi ya Columbus haikufanana na ya kwanza. Kwa Bwana Dale kitu kilipita mikononi mwangu mara moja, kikaenda. Kwa Madame vitu vilikaa, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha vinaendelea kukaa. Adui wetu mkubwa alikuwa hita. Wakati wa baridi hita hukausha hewa ya nyumba, na mwanzi ukikauka unapasuka. Utasikia "ta!" ndogo tu chumbani, na kazi ya fundi imekwisha. Tuliweka mashine ya kuongeza unyevu, na kila asubuhi nilizipitia rafu kabla sijavua hata koti.

Siku moja alinipa kikapu cha rangi ya kahawia iliyokolea na kunieleza kwamba mwanzi wake unaitwa susudake. Si rangi ya kupakwa. Ni mianzi iliyotolewa kwenye mapaa ya nyumba za wakulima, ambako ilikaa juu ya jiko, ikipigwa moshi vizazi kwa vizazi. Pale ilipofungwa kamba moshi haukupenya, na fundi huyaacha yale mabaka meupe yaonekane. Nilikisogeza puani. Harufu ilikuwa imefifia, lakini ilikuwepo.

"Unanusa nini?" Madame aliuliza.

"Jikoni kwa mama yangu," nikamjibu. "Kule milimani."

Akavuta kiti. Alitaka kujua paa lilikuwaje, moto uliwekwa wapi, mama alipika nini. Tangu nifike Marekani watu walikuwa wameniuliza habari za vita tu. Yeye aliniuliza habari za nyumba.

Kila Alhamisi aliandaa chai kwa wageni wachache. Niliweka maua, mawili matatu tu, ndani ya kikapu. Yeye alikoroga unga wa chai wa kijani kwa chasen, kifagio kidogo cha mwanzi kilichochanwa nyuzi nyembamba mno. Mara moja alimwalika Mama Furaha. Mke wangu akapokea bakuli kwa mikono miwili, akanywa, akanigeukia.

"Donc hii ni sombe ya kunywa? Na haijaiva."

Madame akataka tafsiri. Nilipompa, na kumweleza kwamba sombe ni mboga yetu ya majani ya muhogo, alicheka mpaka akaweka chasen chini.

Kisha macho yake yakaanza kumwacha. Kwanza hakuona maandishi, baadaye hakuona nyuso. Watoto wake, waliokaa mbali na wasio na nafasi, walimshauri auze. Aliogopa kwamba vingetawanyika, kila kimoja na njia yake, kwa hiyo akavitoa vyote kwa makumbusho madogo ya Buffalo, mji aliozaliwa. Akaniombea kazi hukohuko. Mama Furaha alikuwa amezoea Columbus na kazi yake ya kuhudumia wazee, akafikiri juma zima. Mwishoni akasema, "Kazi ya wazee iko kila pahali. Twende." Tukapata nyumba ya mbao mtaa wa West Side, karibu na kanisa la watu wetu.

Ghala la makumbusho lilikuwa Tonawanda, nje kidogo ya mji, ndani ya kiwanda cha zamani. Mkuu wa hifadhi, Bi. Harlow, alikuwa mtu wa sheria. Mwanga kidogo, glovu, na maji yasikaribie kabisa. Mwanzoni niliona vikapu vimefungwa jela. Baadaye nilielewa: alikuwa akiwatunzia watu ambao hawajazaliwa bado.

Vuli moja binti ya Madame alipiga simu. Mama yake alikuwa haoni kitu tena, na alitaka kuja kuvishika vikapu vyake. Nikaenda ofisini kwa Bi. Harlow.

"Si vyake sasa," alisema, bila ukali. "Na wafadhili wako wengi. Nikimfungulia mmoja, nitamfungia nani?"

"Bosi, wengine wanaweza kuja kutazama. Yeye hana njia nyingine ya kutazama."

Niliogopa, ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpinga mkubwa wangu.

"Aoshe mikono," alisema hatimaye. "Asipake mafuta, avue pete. Glovu hapana, zitanasa kwenye nyuzi. Na mimi nitakuwepo."

Madame alikuja kwa kiti cha magurudumu, amekonda. Nilimwekea mbele, kimoja kimoja. Vidole vyake vilizunguka ukingo, vikashuka, vikasimama, naye akataja jina la kikapu, na alikokipata, na hali ya hewa ilivyokuwa siku hiyo. Hakukosea hata kimoja. Bi. Harlow, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alisogea, kisha akakaa.

Tulipomaliza Madame aliuliza, "Vinawekewa maua?"

"Hapana," Bi. Harlow alijibu. "Samahani. Maji yangeviharibu."

Uso wa Madame uliinama. Bi. Harlow akasema, polepole, kama mtu anayejisikiliza, "Kimoja naweza kukiandikisha kuwa cha kutumika. Kimoja tu. Kitatiwa maji, na siku moja kitakufa. Chagua wewe."

Nilijua atataja kile cha susudake. Alikipenda kuliko vyote.

"Kile cha mlangoni," Madame alisema. "Kisicho na sanduku."

Kilikuwa kikapu cha kawaida, kilichokaa mlangoni kwake kule Columbus, bila jina la fundi, alichokiokota katika soko la vitu vya mitumba. Bi. Harlow alimuuliza sababu.

"Vile vikubwa vitatazamwa siku zote. Hiki kikikosa kazi, kitasahauliwa."

Madame alifariki kabla majira yale ya baridi hayajaisha. Mimi niliendelea Tonawanda mpaka magoti yalipokataa ngazi, nikaagwa vizuri, kwa keki na picha.

Vijana wa kanisa letu huniuliza kama sikuchoka kutumia maisha yangu kwa vitu vya watu wa mbali hivyo. Wananiuliza kwa Kiingereza, nawajibu kwa Kiswahili. Nawaambia kwamba tulipokimbia tuliacha kila kitu, na sikutegemea tena kupewa kitu cha kulinda. Nikapewa. Nilivilinda vikabaki pamoja. Watu wawili watatu wakubwa waliniamini navyo, na hiyo kwangu ni bahati kubwa.

Vuli iliyopita Bi. Harlow alinialika kwenye siku ya chai, anayoiandaa kila mwaka tangu Madame atutoke. Nilipofika nilielekea moja kwa moja chumba cha nyuma kuvaa aproni. Akanishika mkono, akanirudisha, akanikalisha pahali pa mgeni mkuu. Maua yalikuwa yameshawekwa na mtu mwingine, kwenye kile kikapu kisicho na jina, na yaliegemea kushoto kidogo kuliko ambavyo ningeyaweka mimi. Sikuinuka kuyarekebisha. Bi. Harlow aliinama, akaniwekea bakuli mbele, nami nikalipokea.