Herufi Moja Yamnyima Raha Muuza Magazeti wa Mbinga

Saa nane mchana basi la Songea linaingia stendi ya Mbinga, na Hyasinti Kapinga anainuka kwenye benchi lake kupokea furushi la magazeti. Siku nyingine angekuwa ameshafungua la juu na kusoma vichwa vya habari kwa sauti, wapiga debe na kina mama wa ndizi wakimzunguka. Leo anayapanga mezani kimya kimya.

"Soma basi, mzee," anamtania Pankras, dereva wa bodaboda. "Au leo hakuna kula?"

Watu wanacheka. Hyasinti hacheki.

Mzee huyu wa miaka sitini na moja, mkazi wa Mapera, ndiye redio ya stendi. Husoma habari za siasa, kisha huongeza zake. Na zake ni za kizamani, mwenyewe hafichi. Anaamini katika utaratibu, ndoa, kanisa, na kumwamkia mkubwa hata kama humpendi. Mabadiliko ya papara humtia hofu.

"Sisi Wamatengo tunalima ngolo," anasema, akimaanisha mashimo ya mashamba ya milimani yanayozuia mvua isibebe udongo. "Ukiyafukia kwa hasira, masika moja tu shamba lote liko bondeni. Nchi nayo hivyo hivyo. Kiongozi hafai? Subiri siku yake, umtoe kwa heshima."

Hayo ndiyo aliyotaka kuyasema Jumanne iliyopita, aliposoma habari ya vijana wanaotaka kuandamana. Alikusudia kutamka, "Kura kwanza, maandamano baadaye." Lakini ulimi wake, kama wa wengi waliokulia Kimatengo, haupatani na herufi R. Kilichotoka ni "Kula kwanza." Na simu ya mtu ilikuwa inarekodi.

Kufikia jioni sauti yake ilikuwa imeshateremka mpaka Mbamba Bay, ziwani. Vijana wakasema mzee kahongwa, anawataka washibe wanyamaze. Wakubwa wa serikali nao wakasikia kejeli, kwamba wao ndio wanaotanguliza kula. Sasa ameitwa ofisini kwao Jumatatu ijayo, na fununu zinasema meza yake itaondolewa stendi.

"Naogopa," anasema bila kuzunguka. "Utulivu nimeutetea maisha yangu yote, leo naitwa mchochezi. Na hawa vijana ni watoto wetu, wao wananiona nimenunuliwa. Nimekosa huku na huku."

Nyumbani, mkewe Ottilia anatikisa kichwa. "Wanamcheka kwa kula, na mwenyewe hali. Ugali unapoa mbele yake. Nimemwambia, baba, sema uchaguzi, yaishe. Hataki."

Kweli hataki. Kwake kukwepa neno ni kukubali kwamba alilisema kwa nia mbaya. Hana mpango wa kutafuta mtu wa kumsemea wala wa kupigia magoti. Anachoomba ni kubaki na meza yake, asome tena kwa sauti, na wanaombishia wambishie palepale kama zamani.

"Nitavaa koti la kanisani, nitawasalimia vizuri, nitawaeleza taratibu," anasema huku akinyoosha gazeti lililokunjamana. "Wakiniuliza nilimaanisha nini, nitasema ukweli tu. Nilimaanisha kula."

Anasita. Analikusanya neno mdomoni, anajaribu tena polepole. Linatoka lile lile.