Jina la Ofisi ya Bi Zuwena

Kuhangaikia jina la mtoto tumezoea sisi watu wa Dunda. Kwamba hata jina la ofisi lina uchungu wake, hilo nilijifunza kwa jirani yangu Bi Zuwena, alipofungua wakala wa safari katika chumba cha mbele cha nyumba yake, ukuta mmoja na cherehani yangu.

Marehemu mumewe, Mwinyijuma, alikuwa akitembeza wageni: Kaole kwenye magofu, Mbegani kwenye mikoko. Bi Zuwena ndiye aliyewapikia wageni hao na kuwatafutia magari, sifa zote zikaenda kwa mume. Alipotoka eda alisema hakai bure. Binti yake Adila, msomi wa utalii mwenye maneno mengi, akaleta majina ya kizungu, yote yakitaja paradiso na lulu. Mama akayakataa. Mwishowe Adila akasema, "Basi tuite Mwinyijuma Safari. Wageni wanamjua Baba." Bi Zuwena akatokwa na machozi, akakubali. Dadi, mchora vibao, akaliandika kwa rangi ya buluu, na kila asubuhi Bi Zuwena alilifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

Kosa hatukuliona hata mmoja wetu, mpaka simu ilipolia.

Tangu aolewe, Bi Zuwena alikuwa hajawahi kulitamka jina la mumewe. Alimwita Baba Adila, na kabla Adila hajazaliwa alimwita "wewe bwana". Ndivyo tulivyolelewa, mke mwenye adabu hamtaji mumewe kwa jina. Kwa hiyo alipopokea simu alisema, "Karibu, hapa ni... hapa ndipo."

Mteja akauliza ndipo wapi.

"Hapa ofisini."

Mteja akakata. Akapiga mwingine, naye akakata, akidhani amekosea namba. Mwanzo nilicheka hadi uzi ukanikatikia. Kisha nikamwona anavyoitazama ile simu, nikaacha.

Adila alipogundua alikuja juu. "Mama, unamwonea haya Baba?"

Neno lile lilimchoma. Bi Zuwena akaenda kukaa uani, akasema ofisi abaki nayo mtoto, yeye anarudi jikoni. Roho iliniuma. Mwanamke kaibeba kazi ile miaka yote bila kutajwa, leo arudishwe jikoni na jina la mumewe mwenyewe! Nikamwita Adila, nikamweleza adabu ya mama yake, maana chuoni inaonekana somo hilo halikuwepo. Akasikiliza kichwa chini, kisha akamfuata mama yake uani na kumpigia magoti.

"Nisamehe, Mama. Kesho Dadi atafuta kibao. Tuite Baba Adila Safari. Hilo unalitamka."

Nilidhani yamekwisha. Bi Zuwena akanyanyuka.

"Hilo hapana," akasema. "Hilo ni la ndani ya nyumba. Nimemwita hivyo tangu nilipokuzaa, na ndilo nililomwita alipokuwa anakata roho. Nilitundike barabarani, kila mwenye bodaboda alisome? Hilo ni langu, mwanangu. Wageni wachukue lile jingine."

Akafuta uso, akarudi ofisini. Haukupita muda simu ikalia. Baadaye tulijua ni mwalimu wa shule ya Fukayosi, anataka kuwaleta wanafunzi wake Kaole. Mimi nikasimamisha cherehani. Adila akanyoosha mkono kuipokea, mama akamzuia. Akajitanda kanga vizuri, akaipokea mwenyewe.

"Mwinyijuma," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Akageuka kuutazama mlango. Hakuitika mtu.

"Mwinyijuma Safari," akarudia. "Karibu, tukusaidie."