Klachi ya Ndugu Wawili

Sikujua klachi ni kitu gani mpaka siku iliponizuia kwenda kwa mama yangu. Nilijua gari huwashwa, hunguruma, huondoka. Kwamba ndani yake kuna sahani nyembamba, na kwamba sahani hiyo ikikaa upande kidogo tu gari zima halina kazi, hayo nilikuja kuyasikia uani kwetu, juu ya Makumira, nikiwa na mimba nzito na nimegeuzwa mjumbe wa watu wawili waliolala chini ya gari moja.

Habari niliipata kanisani Jumapili. Mama yangu, kule Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, alikuwa mgonjwa sana na ananiulizia. Kwa miguu, na hali ile, nisingefika. Gari lilikuwepo, mume wangu na kaka yake walilinunua pamoja baada ya vita, lakini klachi yake ilikuwa imekwisha. Mume wangu alikuwa amekwisha kulishusha giaboksi na kuleta sahani mpya kutoka duka la Mhindi mjini Arusha. Ilibaki kulirudisha, na hiyo si kazi ya mtu mmoja. Giaboksi ni chuma kizito, mmoja huinua na mwingine huongoza.

Mtu wa pili hakuwa mwingine ila shemeji yangu, huyo kaka mtu, aliyekuwa dereva wa jeshi katika vita vya Waingereza. Taabu ni kwamba hawakuwa wakisemezana. Mashamba yao yalitenganishwa na masale, mmea ambao kwa Wameru ni mpaka, na jani lake ni la kuombea msamaha. Asubuhi moja masale yale yalikutwa yameng'olewa, na kila mmoja akamshika mwenzake uchawi. Tangu hapo hata mstari wa kahawa uliokuwa mpakani haukupogolewa, maana aliyeusogelea na panga alifokewa na mwenzake. Nani aling'oa? Mimi ni mtoto wa Waarusha, kwetu ng'ombe akivunja mpaka anachapwa ng'ombe. Mpaka leo sijui.

Asubuhi ya Jumatatu shemeji alikuja.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili yako na mama yako. Mwambie mumeo asogee."

Mume wangu alikuwa amelala chali pale pale kando ya gari, miguu yake ikigusa viatu vya kaka yake. "Sogea," nikamwambia.

"Mwambie nimesikia."

Wakaingia chini ya gari wote wawili. Nje ilibaki miguu tu, minne, yote ndani ya viatu vya tairi, vidole vya baba mmoja. Sauti zao nazo zilifanana.

"Mwambie ainue upande wake."

"Inua upande wako."

"Mwambie nimeinua, yeye ndiye ameshusha."

Nilichanganyikiwa kabisa. Nani ameinua, nani ameshusha, nani kasema? Mara nyingine nilimpelekea mtu maneno yake mwenyewe, akanijibu kwa hasira, nami nikaipeleka hasira kwa mwenzake. Giaboksi lilipanda, likagoma, likashushwa. Likapanda tena, likagoma pale pale, imebaki nafasi ya upana wa kidole.

"Mwambie sahani imekaa upande."

"Mwambie niliiweka kwa macho yangu, iko katikati."

Kitu kimoja kinawezaje kuwa katikati na upande kwa wakati mmoja? Nilitazama mlima, nikawaza mama yangu nyuma yake anatazama mlango. Jua lilikuwa limeanza kugeuka. Uji niliowapikia ulikuwa umepoa na kushika ngozi juu.

Ndipo mume wangu alipochukua spana aanze kulivuta giaboksi kwa nguvu za bolti.

"Mwambie aache," shemeji akasema. "Ataivunja sahani, na nyingine hatuna."

 Nilikuwa nimechoka na nimekasirika hadi machozi yananitoka.

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Mama yangu anakufa, nyinyi mmenifanya posta."

 Kisha nikasikia spana inazunguka tena, chuma kinalia.

"Acha, mdogo wangu," shemeji akasema. "Ukiivunja hiyo, shemeji haendi."

Spana ikasimama. 

"Sasa nifanyeje, kaka?"

Shemeji akamweleza polepole, nami nikasikia yote kwa kuwa sasa sikuwa na kazi. Sahani inabanwa kati ya vyuma viwili. Kabla bolti za vyuma hivyo hazijakazwa inaning'inia, inashuka kwa uzito wake, na jicho halioni tofauti hiyo. Inatakiwa fimbo iliyonyooka ipite kwenye tundu la sahani mpaka kwenye tundu dogo la injini, iishikilie katikati, bolti zikazwe, halafu fimbo itolewe na shafti, mhimili wa giaboksi, ipite njia ile ile.

Mume wangu akatoka, akachukua panga, akaenda moja kwa moja mpakani.  Ile kahawa isiyopogolewa ilikuwa imetoa machipukizi marefu, yamenyooka kwenda juu kwa kukosa mkono wa kuyakata. Akakata moja nene, akalileta. Shemeji alilipokea, akaligeuzageuza. Alijua limetoka wapi. Hakufoka. Alilimenya ganda kwa kisu, akalichonga ncha, akaomba kitambaa. Nikachana pindo la kanga yangu, akalizungushia mpaka fimbo ikajaa tundu la sahani bila kucheza.

Walilegeza bolti, wakapitisha fimbo, wakazikaza tena kidogo kidogo, kwa zamu, kisha wakaichomoa. Giaboksi likaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Nikawasikia wanacheka kule chini, wanasema Kimeru cha haraka ambacho nilikuwa bado sijakiweza, na hakuna aliyenihitaji. Walipomaliza kufunga yote giza lilikuwa limeingia. Tukaondoka alfajiri.

Mama yangu alikuwa amekata roho jana yake. Nilimuuliza dada yangu saa ngapi. Akasema jua lilikuwa limeanza kugeuka, na kwamba tangu asubuhi mama alikuwa akiuliza kama kuna gari linalosikika.

Baada ya maziko tulirudi, mimi nimekaa kati yao. Ndugu wale waliongea njia nzima, juu ya kahawa, juu ya masale mapya watakayopanda pamoja. Nilifurahi kuwasikia, na nilitamani kuwashusha wote wawili barabarani. Sikujua lipi kati ya hayo ndilo langu, na hata leo nikikumbuka siwezi kulitenga. Tangu maziko sikuwa nimeonja chakula.

Karibu na Arusha mume wangu alinitazama, akamenya ndizi, akaishika mkononi bila kunipa. Hakuthubutu. Akainama mbele yangu kumtafuta ndugu yake.

"Kaka," akasema, "mwambie ale hata kidogo."

Shemeji akashika usukani kwa mikono miwili, macho barabarani. "Shemeji, mumeo anasema ule."

"Mwambie nimesikia," nikasema.