Gari la Ngazi ya Pili

Gari jipya la ofisi lilipofika Bariadi, mimi dereva wake sikuliamini. Kila nilipokaribia mstari mweupe wa barabarani, usukani ulinivuta mikono kidogo, kana kwamba kuna mtu mwingine anauendesha.

Asubuhi moja nilikuwa nampeleka bosi wetu mjini Nyashimo. Alikuwa amehamia kwetu kutoka Dar es Salaam, na alipenda kukaa mbele. Akabonyeza kitufe, akasema, "Mama, toa mguu. Gari lenyewe litalifuata lile lori la pamba. Hii ni ngazi ya pili ya gari kujiendesha."

"Ziko mpaka ngapi, bosi?"

"Mpaka tano. Ya tano haihitaji dereva kabisa. Hii ya pili gari linajiendesha, wewe unalisimamia."

"Likigonga ng'ombe wa watu, anayeandika maelezo polisi ni nani?"

Akacheka. "Ni wewe."

Nikatoa mguu kwenye mafuta, nikauning'iniza juu ya breki. Kweli, lori likipunguza mwendo, na sisi tunapunguza. Kisha lori likakata kushoto kuingia kiwandani. Gari letu likaona njia nyeupe, likaongeza mwendo, na mbele kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka. Sikusubiri kujua kama limewaona. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote, tukasimama hatua chache tu kutoka kwa ng'ombe wa mwisho.

"Labda lingesimama lenyewe," bosi alisema taratibu.

"Labda," nikamjibu.

Wakati wa kurudi niliendesha mwenyewe. Bosi hakugusa kitufe. Ila kila tulipokaribia mifugo, nilimwona akikanyaga kapeti, upande usio na breki.