Siku Ghala Lilipojiwasha Lenyewe

Mpaka leo nikipita Chanji, kule Ufipa, kuna watu wananiangalia halafu wanainamisha vichwa wacheke, na wana haki, maana mimi ndiye yule fundi aliyetoka ghalani mweupe kama maiti mbele ya diwani na wageni wake, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia ikiwa imetiwa chumvi.

Ilikuwa miaka ile mali za mashirika ya umma zinauzwa. Mama Tumaini, mfanyabiashara kutoka Mbeya, akanunua ghala la mahindi lililokuwa limefungwa muda mrefu mpaka popo wakaliona lao, akataka feni za kukaushia, taa na king'ora aviwashe akiwa mjini, kwenye kompyuta (alikuwa amekiona kitu kama hicho Dar, na Mama Tumaini akishakiona kitu hapati usingizi). Nikapata kisanduku cha kielektroniki cha kuongoza mashine, chenye kumbukumbu finyu ajabu, ambacho ndani yake ningeweka ukurasa wa mtandao, na mshikaji wangu Zeno, mwenye intaneti kafe mjini, akafunga antena ya kutuunganisha.

Ikabaki kuchagua zana za kuandikia huo ukurasa. Ningeweza kutumia lugha ya kompyuta iitwayo C, kazi ya kuumiza macho, lakini ningepata vitufe vinavyomsubiri mtu abonyeze na kuthibitisha. Au nichukue kijilugha chepesi nilichokikuta kwenye sidii, ambacho kilijua viungo tu, yale maandishi ya kubofya yanayokupeleka ukurasa mwingine: kiungo kikifunguliwa, amri imekwenda, mara ya kwanza kinawasha, mara ya pili kinazima.

"Kiungo ni cha kusomea, bwana," Zeno akaniambia. "Cha kuwashia mashine weka kitufe."

Nikamjibu kwamba anaongea kama mwalimu wa zamu, nikachukua kile chepesi, tena nikaufanya ukurasa ujifungue upya wenyewe kila baada ya muda ili Mama aone hali ya mashine bila kuhangaika. Mpangilio wa viungo nikaunakili kutoka ubao wa swichi wa zamani, ambao mtu alikuwa ameuandika kwa rangi, juu kwenda chini: feni, taa, king'ora.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na ukungu wa asubuhi ule wa Ufipa, wa kukufanya usikie mtu anakohoa bila kujua yuko wapi. Diwani alikuwepo, majirani, na Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, aliyeleta mahindi kwa mkokoteni. Alikuwepo pia Bibi Skola, mjane wa mtu aliyekuwa akiendesha mashine za ghala hilo enzi za serikali. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, macho yake yako mlangoni.

Utepe haujakatwa, feni zikaanza kuzunguka. Ndani hakuna mtu, mlango una kufuli. Halafu taa zikawaka, njano ndani ya ukungu, halafu king'ora kikalia. Baada ya muda kidogo feni zikazima, taa zikazima, king'ora kikanyamaza. Kisha vikaanza tena, kwa mpangilio uleule. Watu hawakupiga kelele, walirudi nyuma tu polepole, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

Nikampigia Zeno, aliyebaki mjini kwenye kafe yake. "Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu. Nimefungua ukurasa, nimekaa."

Bibi Skola akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Feni, taa, king'ora. Ndivyo mume wangu alivyokuwa akifungua kazi."

Mama Tumaini akanisukuma, "Deus, ingia ukazime." Nikafungua kufuli nikaingia, na swichi kuu iko mwisho kabisa wa ghala, na feni zikawaka nikiwa katikati, zikapeperusha unga wa miaka yote uliokuwa umelala pembeni. Sikuona mbele wala nyuma. Nikajikwaa, nikaanguka kwenye pumba, nikaifikia swichi kwa kupapasa, nikatoka nje nikiwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, nimenyoosha mikono, nakohoa, sauti haitoki.

Diwani alikimbia na mkasi wa utepe mkononi. Ng'ombe wa Mzee Masanja wakapotelea ukunguni na mkokoteni, mahindi yanamwagika, naye nyuma yao. Aliyebaki ni Bibi Skola. Akanisogelea, akaniwekea kiganja shavuni.

"Umerudi?"

"Ni mimi, bibi. Deus, fundi."

Akautazama unga kiganjani mwake, akaondoka. Hakuna aibu niliyowahi kuipata kama ile.

Jioni Zeno akagundua chanzo. Kompyuta yake ilikuwa na programu mpya ya kuharakisha mtandao, ambayo ukifungua ukurasa inavitembelea viungo vyote mapema, juu kwenda chini. Ikavitembelea, ukurasa ukajifungua upya, ikavitembelea tena. Nikaandika kila kitu upya kwa C, na nimeapa kiungo hakitawasha tena hata taa ya choo mikononi mwangu.

Nilikwenda kumweleza Bibi Skola. Alinisikiliza yote, programu, viungo, antena, kisha akauliza, "Lakini siku ile hakuna mtu aliyegusa?"

"Hakuna, bibi."

"Basi," akasema, akanikaribisha chai.